Makofi Yaliyogawa Kilima

Kamati ya jubilei haikunitafuta kwa sababu ya utakatifu wangu. Ilinitafuta kwa sababu katika parokia nzima mimi peke yangu nina stashahada, na kompyuta mpakato inayowaka bila kupigwa kofi. Wengine wana vyeti vya semina, vile vya kugawiwa pamoja na soda.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu aliyenifundisha darasa la tano, alikuja dukani kwangu Kasulu mjini. Akasimama katikati ya mifuko ya saruji na mabomba, akakohoa kama mtu anayetaka kukopa.

"Mheshimiwa," aliniambia, na neno hilo lilinipendeza, kwa sababu darasani alikuwa akiniita kichwa cha mbuzi. "Tunaomba utuandikie historia ya shirika letu. Kurasa chache tu. Utaisoma mwenyewe siku ya jubilei, mbele ya Mkuu wa Kanda wa shirika."

"Shirika letu? Mwalimu, wewe umeweka nadhiri lini?"

"Usinichekeshe. Shirika lililotuletea imani."

Nilikubali. Ningekataaje? Ujanani niliondoka Kasulu nimekaa juu ya magunia ya maharage, kwenye lori lililokuwa likienda Mwanza, nikiwa na viatu vya kuazima. Nimebeba mizigo sokoni, nimelinda mageti ya watu Dar es Salaam, nimesoma jioni huku wenzangu wakibishana mpira, na nimerudi na Stashahada ya Maendeleo ya Jamii, duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba yenye madirisha ya alumini ambayo watu wa Kibondo husimamisha pikipiki kuitazama. Mtu wa namna hiyo akiombwa kuandika historia, huandika.

Jina la shirika sitalitaja, maana bado tunasali kwao. Parokia yenyewe iko kati ya Kasulu na Kibondo, ukiacha barabara kuu, juu ya kilima kizuri kuliko vyote vya upande ule. Mapadri hawakuwahi kukosea katika kuchagua vilima. Sijawahi kuona misheni bondeni.

Paroko alinipa kitabu cha historia ambacho shirika limejiandikia lenyewe. Ni kitabu kizuri mno. Kina homa, simba, mito iliyofurika, na mapadri vijana waliotoka Ulaya na ndevu nyeusi wakarudi kwa Mungu kabla ndevu hazijapata mvi. Kuna ukurasa mzima kuhusu kinanda kilichobebwa kichwani kutoka ziwani hadi kwetu, na picha yake ipo. Fundi aliyekitengeneza huko kwao ametajwa jina. Waliokibeba wanaitwa wapagazi, basi, kana kwamba wote walizaliwa na mama mmoja aliyechoka kutafuta majina.

Sikatai wema wao. Mimi ni Mkatoliki na sina mpango wa kuacha. Walituletea shule, zahanati, tanuri la matofali na miche ya kahawa. Bruda mmoja seremala aliwafundisha wazee wetu kuunga mbao bila misumari, na milango yake haijalegea hadi leo, wakati milango ya vyumba vya madarasa tuliyotengeneza juzi imeshavimba kama mashavu ya mwenye jino bovu. Wakimbizi wa Burundi walipofurika, hata kambi ya Mtabila ikawa na watu wengi kuliko mji, mapadri hao walikuwa wa kwanza kupeleka mablanketi, na wa kwanza kuyapiga picha.

Walibatiza pia, kwa majina ya watakatifu wa kwao. Kiha, lugha yetu ya Buha, hakina urafiki na herufi L. Mtakatifu aliyeondoka Ulaya na L mbili alifika Buha na R mbili, na sijui kama huko mbinguni anaitika.

Nilisoma kurasa hizo nikicheka peke yangu, mpaka nilipofika penye kilima.

Kitabu kinasema kwamba padri wa kwanza alipanda kilimani, akawakuta wenyeji wamekusanyika na mteko wao, yaani mlinzi wa ardhi, yule aliyekuwa akigawa mashamba na kusimamia matambiko. Padri akawahutubia juu ya Mungu kupitia mkalimani. Mteko na watu wake wakapiga makofi. Padri akaendelea, makofi yakazidi. Kwa makofi hayo ya shangwe, kinasema kitabu, kilima kikatolewa kwa moyo mweupe kuwa mali ya shirika.

Mteko huyo ni baba wa babu yangu. Kwa hiyo hapo nilifunga kitabu.

Msomaji ambaye si Muha lazima nimweleze jambo. Kwetu mtu hasalimii kwa mdomo tu, kama anayeulizia njia ya stendi. Mdogo huinama, hukutanisha viganja na kupiga makofi laini, polepole, huku akiitikia mwidiwe, salamu yetu, na habari za watoto, ng'ombe na mvua. Mkubwa hupokea. Ndivyo tunavyosalimiana, na ndivyo tunavyoagana. Tofauti ipo: makofi ya kuaga hupigwa viganja vikiwa vimekunjwa kama bakuli, sauti huwa nzito, na anayepiga hakutazami, kwa sababu macho yake yameshakusindikiza. Mtoto wa kwetu mwenye akili timamu akiyasikia, huchukua fimbo yake akaenda kwao.

Padri yule hakuwa mtoto wa kwetu.

Alifika, mteko akapiga makofi ya kumsalimu. Mgeni akafurahi, akahutubia. Jua likapanda. Watu walikuwa na mashamba ya kupalilia, kwa hiyo mteko akapiga makofi ya kuaga. Mgeni akapanua mikono, akapiga magoti, akaanza upya. Mteko, kwa kudhani mtu huyu ana tatizo la masikio, akawaambia watu wake wote wapige pamoja, kwa nguvu, ili asikie. Mgeni akalia machozi ya furaha. Kesho yake asubuhi walikuta hema.

Hadithi hiyo tumekua nayo. Mtoto aliyekuwa mzito wa kuelewa nyumbani kwetu aliitwa mgeni wa kilima. Lakini ilikuwa hadithi ya jikoni, ya kuchekea wakati maharage yanachemka. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba itafaa kusomwa kwenye kipaza sauti.

Aliyefikiri hivyo ni shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Anaishi chini ya kilima hicho, katika nyumba niliyomwezekea bati la rangi ya bluu. Aliniita Jumapili moja baada ya misa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage ya mbegu.

"Baba," alisema, maana huniita kwa cheo cha kaka yake, "nasikia watu wa kanisa wamekupa mdomo wa kuwasemea."

"Wamenipa historia, shangazi."

"Ya nani?"

"Ya shirika."

"Hiyo wanayo. Waambie babu hakutoa kilima. Alikuwa anaaga. Wakishaelewa hilo, waniachie pale mahali pa kulala."

Hapo nilijua anataka nini, kwa sababu jambo hilo nalo tumekua nalo. Mteko hakubatizwa. Alipobembelezwa, alisema yeye Imana, Mungu wetu wa Buha, anamjua tangu zamani, na Imana wake hajawahi kuhitaji kubebewa kinanda. Alipokufa, ndugu walimzika kilimani kwake, na mapadri wa wakati ule, nawasifu kwa hilo, walitazama pembeni. Baadaye alikuja bruda mwenye bidii asiyejua chochote, akapanda kahawa juu ya kaburi. Kahawa ilistawi kuliko zote za misheni. Sitasema kwa nini.

Lakini kabla hajafa, mzee huyo alimwambia shangazi, ambaye wakati huo alikuwa binti mdogo wa kumpelekea kaa la kiko: "Msiniache peke yangu na wageni." Shangazi akasema ndiyo. Wengine walioambiwa maneno hayo wamekufa mmoja mmoja na kuzikwa kwingine. Dada yake yuko Munanila alikoolewa. Baba yangu yuko makaburi ya kijiji. Amebaki yeye, na miguu yake imeanza kuvimba.

Na sasa Mkuu wa Kanda alikuwa anakuja kubariki jiwe la msingi la nyumba ya mafungo, pamoja na ukuta wa kuzunguka kilima chote, shamba la kahawa likiwemo. Ndani ya ukuta, utaratibu wa shirika ni kwamba huzikwa wanashirika peke yao. Nisifiche kitu: saruji ya ukuta huo ilikuwa itoke dukani kwangu.

"Shangazi, si jambo rahisi," nilimwambia. "Kuna taratibu."

"Hiyo stashahada yako ulisomea nini?"

"Maendeleo ya jamii."

"Basi mimi ndiyo jamii. Niendeleze nifike kilimani."

Niliandika usiku ule bila kubembeleza maneno. Sihitaji kujisifu kuhusu uandishi wangu, waliousoma wanajua. Niliweka homa yao, shule yao, milango ya bruda, mablanketi na picha za mablanketi. Kisha nikaweka makofi, yalivyo kwa kweli, na chini yake nikaeleza ombi la shangazi kwa sentensi mbili.

Asubuhi nilimsomea mzee wa duka la vitambaa jirani yangu, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani ukapitia Ujiji. Ni mtu wa kusikiliza akiwa amefumba macho, kama anayepima kitambaa kwa vidole.

"Ndugu yangu," alisema nilipomaliza, "huyo mkalimani wa padri, wazee wetu husema alikuwa mtu wetu. Kwa hiyo lawama tugawane."

"Mbona hakumwambia padri kwamba anaagwa?"

"Alilipwa kutafsiri maneno. Makofi hakuna aliyemlipa."

Kamati haikucheka hivyo. Tulikaa ofisini kwa paroko, kijana mpole kutoka mikoa ya mashariki ambaye hajavua koti tangu ahamishiwe kwetu. Mwalimu mstaafu alisoma kurasa zangu kwa kalamu nyekundu. Penye makofi alisimama kama gari lililozimikia mlimani.

"Hapa andika makofi ya shangwe, kama kitabu kinavyosema."

"Mwalimu, wewe ni Muha. Ukimwendea mkweo ukapiga makofi mlangoni, huwa umempa shamba?"

"Usinigeuzie maneno. Historia inatakiwa ijenge."

"Hata ukuta unajengwa."

Paroko alijifuta uso. "Kaka yangu, tusimkwaze Mkuu. Anakuja kutubariki. Jambo la bibi tutalizungumza baadaye, taratibu."

"Baadaye kuna ukuta, Padri."

Mwalimu alivua miwani yake. Alikuwa anavua hivyo darasani kabla ya fimbo. "Wewe kijana, kumbuka maduka ya saruji yapo mengi. Kibondo kule wanauza, na bei yao si mbaya."

Nilijua maana yake, na paroko alijua, ndiyo maana akaanza kuangalia sanamu ukutani kana kwamba ndiyo kwanza imeletwa.

"Maduka ni mengi," nilimjibu. "Stashahada ni moja. Mkitaka msomaji mwingine mpeni, tuone atakavyoitamka Ekaristi."

Hawakuwa na msomaji mwingine. Katekista huchanganya mistari, na mwalimu mwenyewe haoni bila kuuweka mwanga mgongoni. Walinisihi tu nitumie busara. Niliahidi busara. Sikuahidi shangwe.

Siku ya jubilei ilijaa. Mahema yalifungwa hadi kwenye mibuni, viti vya plastiki vikapangwa mbele kwa wageni na magogo nyuma kwa waumini, kama ilivyo katika ufalme wa mbinguni. Kwaya ya kutoka Kibondo ilikuja na sare ya kijani na kinanda cha umeme, nacho, kwa mapokeo, kilibebwa kichwani na mtu asiyetajwa. Misa ilikwenda polepole. Mkuu wa Kanda aligeuka kuwa Mkongo mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha popo. Ulaya wameishiwa na vijana wa kututuma, kwa hiyo siku hizi tunatumiana wenyewe kwa wenyewe.

Niliitwa. Nilikuwa nimevaa suti ya kijivu niliyoshonesha Dar es Salaam, na viatu vyangu vilikuwa vyangu. Nilisoma kwa sauti ya kutosha. Kwenye wapagazi vijana wakacheka. Kwenye majina ya watakatifu wazee wakacheka, na baadhi yao wenyewe ndio walioyabeba. Nilipofika penye makofi, kina mama nyuma wakaanza kujifunika midomo kwa vitenge, na kicheko kikatembea chini kwa chini mpaka mbele. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Nikasoma ombi la shangazi. Kicheko kikakatika.

Mkuu wa Kanda aliinua mkono.

"Bon. Papa, rudilia pale pa makofi."

Nikarudia.

"Huyo mama iko hapa?"

Shangazi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, cha wageni. Nilikuwa nimemkalisha hapo mwenyewe alfajiri, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

"Mama, nionyeshe. Ya kusalimu inakuwa namna gani, na ya kuaga namna gani?"

Shangazi hakusimama. Alipiga ya kusalimu, mepesi, akimtazama. Kisha akakunja viganja, akatazama kando kuelekea barabara ya Kasulu, akapiga ya kuaga. Yalisikika mpaka kwenye kahawa, na hata mimi niliyekua nikiyasikia nilijikuta nimeshika kurasa zangu kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Mkuu wa Kanda aliinuka kitini, akachukua kofia yake. Watu wakadhani amekasirika.

"Kwetu ng'ambo ya ziwa pia tunayajua haya," alisema. "Haya ni ya kumwambia muntu aende kwake. Na sisi tumejenga kanisa!"

Alicheka mpaka akakaa tena. Hapo waumini wote waliachia kicheko walichokuwa wamekizuia tangu padri wa kwanza. Paroko naye alicheka, ndani ya koti.

Kilichofuata hakikuwa cha kucheka. Mkuu alimwambia shangazi kwamba amemsikia, ila sheria ya makaburi ya shirika hawezi kuivunja mbele ya watu. Njia ipo, alisema. Shirika lina wafadhili walei. Shangazi ataandikishwa kuwa mfadhili, atapewa cheti chenye muhuri, naye siku yake ikifika atazikwa ndani ya ukuta kama mmoja wao. Mwalimu alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Makatibu wakaanza kutafuta kalamu.

"Hapana," alisema shangazi.

"Mama, ni heshima kubwa," mwalimu alimnong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote. "Cheti kinatoka makao makuu."

"Mwenye nyumba hapewi cheti cha ugeni. Nikilala kwa cheti chenu, babu atauliza nimekuja na nani. Nitamwambia nini? Kwamba nimekuja na wale wale?"

Mkuu alimtazama, na safari hii hakuwa na mzaha usoni. Kisha akauliza fundi wa ukuta yuko wapi. Fundi, mtu wa Kibondo mwenye futi mfukoni hata kanisani, akasimama.

"Huu ukuta, unaweza kuupindisha pale kwenye mibuni? Ile sehemu ya mzee ibaki inje, iwe yao?"

"Ukuta unapinda, Baba," alisema fundi. "Ila kona zinakula saruji."

Kichwa cha mwalimu kiligeuka kwangu. Vikafuata vichwa vya kamati, kisha vya kwaya. Nilikuwa bado nimesimama kwenye kipaza sauti. Nikafunga kifungo cha koti, nikasema saruji ya kona naitoa mimi, na kokoto zake, na kwamba anayetaka kuagiza iliyobaki Kibondo aagize. Walipiga makofi. Mimi niliyasikiliza vizuri kwanza ni ya namna gani.

Hakuna aliyeagiza Kibondo. Ukuta umekwisha, umenyooka kilima kizima isipokuwa pale kwenye mibuni ambapo unaingia ndani kama kiwiko, na wapita njia huuliza kama fundi alikuwa amekunywa. Kijitabu cha jubilei nacho kimechapishwa, jina langu liko jaladani. Ndani, penye makofi, mwalimu alichomeka neno shangwe huko kwa mchapaji bila kuniambia. Sikushangaa. Ni mwalimu wa shule ya misheni. Angeweza kusahihisha hata tangazo la kifo chake.

Wiki iliyopita nilimpeleka shangazi kwa gari langu kuangalia mahali pake. Bruda kijana anayetunza bustani alitoka na mkanda wa kupimia, akawa na heshima sana, akaahidi kung'oa mibuni miwili. Shangazi akasema miwili haitoshi, ing'olewe mitatu, hataki kulala na mizizi ya mtu mgongoni. Bruda akakubali. Upande mmoja palikuwa na mwinuko mdogo wa mteko, na upande wa pili, nyuma ya kiwiko cha ukuta, misalaba myeupe ya mapadri.

"Mama," bruda aliuliza kwa upole, akiwa ameshika mkanda wake, "tukuwekee kichwa upande upi?"

"Kichwa kwa babu," alisema shangazi, tayari akigeuka kurudi garini. "Miguu kwenu."